Tuzibue matundu ya kutolea maji kwenye magari kabla ya masika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nizungumze na wenye magari, mafundi wenzangu na vijana wanaoosha magari, kuhusu matundu madogo ambayo kiwanda huyaacha kwenye bodi ya gari ili maji ya mvua, ya kuoshea na ya kiyoyozi yapate pa kutokea. Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Tanga. Ninaandika kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ninayoletewa wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, haisababishwi na ubovu wa umeme wenyewe. Husababishwa na maji yaliyotuama mahali yasipotakiwa kutuama, na ukifuatilia chanzo chake mara nyingi unakuta tundu lisilozidi upana wa kidole limejaa tope.

Nianze na milango, kwa kuwa ndiyo inayoharibika zaidi na ndiyo rahisi kuliko sehemu zote kushughulikiwa na mwenye gari mwenyewe. Watu wengi huamini kwamba mlango wa gari umezibwa kabisa na kwamba mvua huishia nje ya kioo. Sivyo ulivyotengenezwa. Mlango una mabati mawili, la nje na la ndani, na katikati yake pana uwazi ambamo kioo hushukia, pamoja na mota ya kioo, kufuli na nyaya zake. Ule mpira mwembamba unaopangusa kioo kinaposhuka hupunguza maji tu, hauyazuii. Kila mvua inaponyesha, maji huteremka kwenye kioo, hupenya kandokando ya mpira huo, huingia ndani ya mlango na kutiririka hadi ukingo wa chini, ambako kuna matundu mawili, matatu au zaidi, kutegemea aina ya gari. Nyuma ya paneli ya mlango, upande wanakokaa watu, hubandikwa nailoni kwa gundi nyeusi ili maji hayo yasivuke kuingia kwenye siti na kapeti. Kwa hiyo waliounda gari walijua tangu mwanzo kwamba maji yataingia mlangoni, na wakayawekea njia yake ya kutoka.

Njia hiyo ikiziba, maji hubaki. Vumbi linaloingia kwa juu pamoja na vipande vya majani na mabaki ya mpira chakavu hukutana na unyevu, hugeuka tope, kisha hukauka na kuganda juu ya tundu. Mvua inayofuata hulilainisha tope hilo bila kuliondoa. Ukingo wa chini wa mlango ndipo bati la nje lilipokunjwa kulikumbatia bati la ndani, na katika mkunjo huo maji hunyonywa yakakaa siku nyingi hata jua linapowaka. Sisi wa pwani tuna shida ya ziada, kwani hewa ya bahari hubeba chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Ndiyo maana mwenye gari anapoona rangi imevimba malengelenge chini ya mlango, mara nyingi bati limekwisha kuliwa kutoka ndani. Kupiga msasa na kupaka rangi juu ya malengelenge hayo bila kuzibua tundu ni kupoteza fedha, kwa sababu masika ijayo yatarudi palepale.

Kuyatafuta matundu haya hakuhitaji kifaa. Fungua mlango wote, chuchumaa, kisha utazame ukingo wake wa chini kuanzia upande wa bawaba hadi upande wa kufuli, huku ukipapasa kwa kidole. Mengi yana umbo la yai na yako upande wa chini kabisa, mengine yako kwa ndani kidogo karibu na mpira unaozunguka mlango, na katika baadhi ya magari yamefunikwa kwa kifuniko kidogo cha mpira kilichoachwa wazi upande mmoja ili vumbi lisiingie. Ukisikia maji yakicheza ndani ya mlango unaposhika breki au unapoufunga, usiendelee kuyatafuta kwa macho. Weka chombo chini kabisa na uanze kuzibua.

Kwa kuzibua, kifaa ninachokiamini kuliko vyote kinapatikana katika kila nyumba ya pwani, nacho ni kijiti cha chelewa kilichochomolewa kwenye ufagio. Ni kigumu kiasi cha kutoboa tope, lakini hakichubui rangi iliyozunguka tundu. Msumari, bisibisi au waya wa chuma hufungua tundu haraka zaidi, lakini huacha mchubuko ambao ndio huwa mwanzo wa kutu mpya, na ukisukumwa sana huweza kugusa nyaya au mota iliyo ndani. Choma taratibu, zungusha kijiti, acha tope litoke lenyewe, kisha rudia. Baada ya hapo chukua jagi la maji safi, uyamwage polepole juu ya kioo kilichofungwa, pale kinapokutana na mpira wa nje, huku mtu mwingine akitazama chini. Maji yanapaswa kuanza kudondoka baada ya muda mfupi tu, na mwanzoni yatakuwa ya kahawia. Endelea kumwaga hadi yatoke meupe, kisha uache mlango wazi juani. Yasipotoka kabisa, bado kuna tundu ambalo hujaliona.

Hapa naomba niseme jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya mafundi wenzangu. Katika masika iliyopita nililetewa gari dogo la familia ambalo kufuli zake zilikuwa zikijifunga na kujifungua zenyewe usiku, na kila asubuhi betri ilikuwa imelala. Kabla ya kufika kwangu, mwenye gari alikuwa amekwisha kununua betri mpya na kubadilishiwa alamu. Nilipoinua kapeti chini ya miguu ya abiria wa mbele, sponji iliyo chini yake ilikuwa imelowa kiasi kwamba ukiibana kwa mkono maji yanachuruzika yakiwa na harufu ya uvundo. Soketi kubwa ya nyaya iliyopo ubavuni, karibu na mlango, ilikuwa na pini zilizogeuka kijani, na mbili kati yake zilikatika nilipoigusa. Nilipotazama chini ya mlango sikuona tundu hata moja. Gereji moja ilikuwa imelipulizia gari lile dawa nyeusi ya kuzuia kutu, ile ambayo wengi huiita lami, na wakaipuliza hadi kwenye kingo za milango pasipo kuziba matundu kwanza kwa karatasi ya gundi. Nilipotoboa utando ule kwa kijiti, maji ya kahawia yalimwagika kwa muda mrefu, yakitoka pamoja na vijani vidogo vya mwarobaini vilivyokwisha kuoza. Mlango ulikuwa umejaa hadi maji yakapata upenyo kwenye nailoni na kumwagikia ndani ya gari. Mtu yule alilipa fedha gari lake lilindwe dhidi ya kutu, na kazi aliyofanyiwa ndiyo iliyouozesha mlango.

Makosa ya aina hiyo hufanywa pia na wanyoosha bodi. Gari likigongwa mlangoni au chini ya mlango, bati hunyooshwa, hupakwa puti, husuguliwa na kupigwa rangi, na matundu yaliyokuwa pale hufunikwa kwa sababu fundi anataka ukingo uonekane laini. Namwomba kila mwenye gari asikubali kulichukua gari lake kutoka kwenye kazi ya bodi au ya kupulizia dawa kabla hajachuchumaa na kuyaona matundu yote yakiwa wazi. Namwomba pia fundi anayefanya kazi hiyo ayapitie kwa kijiti kabla rangi haijakauka, kazi ambayo haimchukulii hata robo saa.

Nimewahi kuulizwa na wateja, tena kwa nia njema, kama si afadhali kuyaziba matundu hayo moja kwa moja ili maji ya madimbwi yasiingie. Hoja hiyo ina uzito kwa anayeishi mahali ambapo barabara hujaa maji kila mvua kubwa, kama wakazi wa Jangwani kule Dar es Salaam wanavyojua. Lakini maji ya dimbwi huingia pale tu gari linapozama hadi usawa wa mlango, ilhali maji ya juu huingia kila mvua na kila siku ya kuosha gari. Anayeziba chini anazuia maji ya nadra na kuyafungia ndani maji ya kila mara. Hata gari likizama kweli, ni matundu hayohayo yatakayolisaidia kukauka.

Sehemu ya pili ninayotaka kuisisitiza ni lile bonde lililo chini ya kioo cha mbele, ambamo mota na vyuma vya waipa vimelazwa, na ambalo hufunikwa kwa plastiki nyeusi yenye vitundu. Maji yote yanayoteremka kwenye kioo cha mbele hukusanyika humo, kisha hutoka kwa pembeni, kushoto na kulia, kupitia mifereji inayoshukia nyuma ya madigadi. Humohumo ndimo feni ya kiyoyozi inamovutia hewa ya nje. Mifereji ikiziba, maji hupanda, na yakishafika usawa wa mdomo wa hewa huingia ndani ya gari na kumwagikia feni, ambayo katika magari mengi yenye usukani kulia iko upande wa kushoto, chini ya kasha la dashibodi. Mwenye gari husikia feni ikipiga kelele au ikikata, au huona maji yakidondoka miguuni mwa abiria, akafikiri kioo cha mbele kinavuja. Nimeona watu wakilipia kioo kung’olewa na kubandikwa upya, na mvua iliyofuata maji yakaingia vilevile.

Kinachoziba humo ni majani, na si majani yote yaliyo sawa. Jani pana la mkungu hukaa juu ya plastiki na huondolewa kwa mkono. Hatari iko kwa majani membamba yanayopenya kwenye vitundu, kama yale ya mwarobaini na ya mkrismasi, na zaidi ya yote zile sindano za mvinje. Hapa Tanga wengi wetu tunapenda kuegesha chini ya mivinje kando ya bahari kwa ajili ya kivuli, na sindano zake hulala ndani ya bonde hilo kwa mamia, zikashikana na vumbi na kufanya mkeka usiopitisha maji. Anayeegesha mahali pa namna hiyo kila siku hana budi kufungua boneti angalau mara moja kwa mwezi, kuzoa anachoweza kwa mkono, kisha kumwaga maji kidogo pembeni na kutazama kama yanatoka nyuma ya tairi la mbele kwa pande zote mbili. Ikiwa hayatoki, plastiki ile ifunguliwe. Kwanza mikono ya waipa hung’olewa baada ya kulegeza nati zake, ambazo kwenye Toyota nyingi ni za spana namba 14, kisha vibanio vya plastiki huvutwa kwa uangalifu, kwa maana vikizeeka huvunjika kirahisi. Ni vyema kuwa na vibanio vya akiba kabla ya kuanza.

Vijana wa kuosha magari watanisamehe nikisema kwamba mashine yao ya presha hailimalizi tatizo hili, na mara nyingine hulizidisha. Maji ya nguvu yakielekezwa kwenye bonde lile huyasukuma majani hadi kwenye koo la mfereji na kuyashindilia hapo, na yakielekezwa kwenye mdomo wa hewa hufika moja kwa moja kwenye feni. Hata hivyo, naamini wao ndio watu wanaofaa kuliko wote kuifanya kazi ya kuzibua, kwa sababu hulishika gari kila wiki, wakati fundi hulishika mara chache kwa mwaka. Kijana anayejua matundu yalipo na kuyapitisha kijiti kabla ya kuosha anastahili kulipwa zaidi kidogo, na mwenye gari atakayemlipa ataona faida yake.

Kiyoyozi nacho kina tundu lake. Hewa yetu ya pwani imejaa unyevunyevu, na inapopita kwenye koili baridi iliyo ndani ya dashibodi, unyevu huo hugeuka maji, hukusanyika kwenye sinia na kutoka chini ya gari kwa mpira mwembamba. Dimbwi dogo linaloonekana chini ya gari lililoegeshwa baada ya safari ni dalili ya afya, ingawa huwatia hofu wengi. Cha kuogopwa ni kutoliona kabisa siku ya joto na unyevu, kwa sababu maji hayo yasipotoka nje huishia kwenye kapeti la mbele. Mpira huo huzibwa na vumbi na ukungu, na wakati mwingine na wadudu waliojenga ndani yake. Huzibuliwa kutoka chini, gari likiwa limeinuliwa na kuwekewa stendi imara, kwa kijiti laini au kwa upepo mdogo wa kompresa. Nasisitiza upepo uwe mdogo, kwa kuwa ukiwa mkali huweza kuuchomoa mpira kwenye sinia, na kuurudisha kunaweza kudai dashibodi ifunguliwe.

Tahadhari hiyo inayahusu pia magari yenye dirisha la paa. Dirisha hilo limezungukwa na mfereji, na katika magari mengi kila kona ya mfereji ina mpira unaoshusha maji ndani ya nguzo za bodi hadi chini. Mimina maji ya kikombe kidogo katika kila kona na uone yanapotokea. Ukiona hayashuki, pitisha mshipi mnene wa nailoni wa kuvulia samaki, uliochomwa ncha kidogo kwa moto ili usikwaruze, na usiulazimishe unapokwama. Waya wa chuma hutoboa mpira ndani ya nguzo, na tobo hilo hulitambui hadi maji yanapofika kwenye nyaya.

Yapo mengine ambayo nitayataja kwa haraka, kwa kuwa ukishazoea haya ya juu utayaona mwenyewe. Boriti za chini ya milango, zile unazozikanyaga unapoingia, zina matundu upande wa chini ambayo hujaa tope la barabara za vumbi na hayaonekani bila kuinama. Mlango wa nyuma una matundu yake kwenye ukingo wa chini. Pale pa kujazia mafuta, chini ya kifuniko, kuna tundu dogo linalozuia maji machafu kuzunguka mdomo wa tangi.

Buti inahitaji maelezo kidogo zaidi, kwa sababu hapo watu hukosea kinyume. Chini ya tairi la spea, na chini ya kapeti za mbele pia, kuna matundu ya mviringo yaliyozibwa kwa vizibo vya mpira. Mengi ya hayo ni mabaki ya kazi ya kiwandani: bodi nzima huzamishwa kwenye rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, rangi inayozidi hutoka kwa matundu hayo, kisha huzibwa. Hayo hayapaswi kuachwa wazi. Ukikuta maji kwenye shimo la spea, toa kizibo yamwagike, kausha vizuri, rudisha kizibo kwa uthabiti, halafu utafute yalikoingilia, ambako mara nyingi ni kwenye mpira wa taa za nyuma au mpira wa buti yenyewe. Kanuni ninayoifuata ni kwamba tundu lililozibwa na kiwanda libaki limezibwa, na lililoachwa wazi na kiwanda libaki wazi.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini mambo haya hayafahamiki. Sababu moja ni kwamba magari yetu mengi huja yakiwa yametumika nchini Japani, na kitabu cha mwongozo kilichomo, kama bado kimo, kimeandikwa kwa Kijapani. Jirani zetu wa Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini hapa kwetu gari la zamani huingia kwa kulipiwa ushuru wa ziada, na gari la zamani lina mipira iliyochoka na matundu yenye tope la miaka mingi. Baadhi yake yametumika katika mikoa ya baridi kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Nawashauri wanaonunua gari lililotoka bandarini wasiridhike na rangi inayong’aa: wapapase ukingo wa chini wa kila mlango, wainue kapeti, na watazame chini ya plastiki ya waipa. Mimi nimekuta humo majani makavu ya miti isiyoota kwetu.

Neno kuhusu oili chafu. Wapo wanaoipaka ndani ya milango wakiamini inazuia kutu. Oili hiyo huvimbisha na kulegeza mipira, hunata vumbi, na vumbi hilo ndilo linalokwenda kuziba tundu tulilotoka kulizibua. Anayetaka kinga anunue dawa ya kupulizia iliyotengenezwa kwa ajili ya ndani ya bodi, aipulize mlango ukiwa mkavu kabisa, kisha apitishe kijiti kwenye matundu siku hiyohiyo.

Maombi yangu ni matatu. Kwa vyuo vya VETA na walimu wa ufundi wa magari, naomba somo hili lipewe nafasi katika mafunzo ya vitendo ya umeme wa magari na ya bodi kwa pamoja, kwa kuwa leo fundi wa bodi huziba na fundi wa umeme huhangaika na matokeo, kila mmoja bila kumjua mwenzake. Kwa wenye gereji, naomba kuzibua matundu kuingizwe kwenye orodha ya sevisi ya kawaida, pamoja na kubadilisha oili na kukagua breki, hasa ile inayofanyika Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Na kwako, Ndugu Mhariri, naomba gazeti lako lichapishe michoro inayoonyesha matundu yalipo kwenye magari yaliyo mengi barabarani kwetu, ukianza na yale madogo ya familia na Hiace za abiria, ambazo reli ya mlango wake wa kuteleza hushika tope kuliko sehemu nyingine yoyote. Nipo tayari kumwonyesha mpiga picha wako kila tundu nililolitaja, kwenye magari yaliyopo hapa kazini kwangu.

Wako,
Fundi umeme wa magari,
Chumbageni, Tanga